Mdau wa Mia Nne na Kumi na Mbili

Uligeuza shingo. Usikatae, ulionekana. Safu ya kumi na tisa, kiti cha tatu kutoka dirishani, kitambulisho kifuani na chupa ya maji mapajani. Yule mama wa khanga ya rangi ya ndizi mbivu aliposimama, ukalitazama dirisha kama mtu aliyeitwa na ndege. Kisha mikono yako ikafanya ilichofanya. Basi tulia usikie habari yako mwenyewe, na usije ukaniambia kuwa nchi hii huijui.

Nchi yenyewe ni Jamhuri ya Makofi. Ni nchi ya amani, na anayesema vinginevyo hasemi mara mbili. Huko mtoto hufundishwa kupiga makofi kabla ya kuhesabu vidole, na makofi yenyewe yana vipimo. Mtendaji wa kata hupigiwa ya robo kilo, mkuu wa wilaya nusu, waziri kilo nzima. Mtukufu Rais hupigiwa ya gunia, mpaka ganzi iingie mabegani. Mtu yeyote akisimama mkutanini hupigiwa kwanza, halafu ndipo watu wanaulizana ni nani.

Juu milimani, mahali paitwapo Kwamtindi, palikuwa na mwanamke ambaye hajawahi kupigiwa hata gramu. Jina lake Bi Namkunda. Alilima iliki, na aliongoza akina mama wanane waliojenga tanuri la kukaushia kwa udongo na mawe yao wenyewe. Serikali nayo iliwaletea mashine ya kukaushia, mwaka ule wa mafuriko, ikiwa ndani ya sanduku. Mpaka leo imo sandukuni, kwani mwenye ufunguo alipandishwa cheo. Kwa kuwa ni mali ya umma, akina mama waliiheshimu: wakaifanya benchi la wageni.

Iliki ina tabia ya bibi harusi, haitaki jua. Ukiikausha kwa moto wa taratibu inabaki kijani, na harufu yake inafika kabla ya gunia. Ukiianika juani inapauka kama nyasi za kiangazi, na mnunuzi anayejua kazi yake haigusi. Mnunuzi aliyejua kazi yake alikuwa Bwana Torkel, mzungu mrefu wa nchi ya theluji ambako, kwa maelezo yake, watu hutia iliki kwenye mikate ili wasahau baridi. Kwa miaka ishirini na sita alipanda mlima mwenyewe. Kiswahili chake kilijaa kiganja kimoja na Kizungu cha Namkunda kilijaa kidole, lakini biashara yao haikuhitaji zaidi. Namkunda alizamisha mkono guniani, akatoa punje tatu, moja ya juu, moja ya kati, moja ya chini kabisa, akazilaza kiganjani. Torkel alizipasua kwa ukucha, akanusa, akaitikia kwa kichwa mara moja. Basi. Nchi mbili zimekwisha kuelewana, na chai bado ya moto.

Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro kubwa ya Kwamtindi. Palifanyika biashara ya kimataifa na hapakuwa na kiongozi hata mmoja.

*

Kasoro hiyo iligunduliwa ng'ambo. Mtukufu Rais alikuwa mezani kwenye mkutano wa matajiri wa dunia, na jirani yake akamuuliza kwa upole, "Na viongozi wenu wa biashara ya kimataifa ni akina nani?"

Mtukufu alitafuna, akameza, akafuta midomo. "Wako njiani," akasema.

Alipotua nyumbani akatazama njiani, hakuona mtu. Kabla jua halijazama ilikwisha kuundwa Taasisi ya Taifa ya Kuzalisha Viongozi wa Biashara ya Dunia, chini ya Profesa Kirumbe, ambaye uprofesa wake hakuna aliyeuona ukija, wote waliukuta umeshafika.

Masomo yalikuwa mazito. Muhula mzima ulikwenda katika kuburuta sanduku la magurudumu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa na simu, tena kwenye udongo mwekundu wa uwanja wa mpira. Lilikuwapo somo la kushika glasi ya maji bila kunywa. Lilikuwapo somo la kukunja uso mwingine akisema neno "changamoto" na kuukunjua akisema "fursa". Kwa kuwa nchi haina lifti hata moja, mtihani wa lifti ulifanyiwa kabatini. Wanafunzi sita waliingia, wakafungiwa mlango, wakasimama kimya wakitazama mbele kama watu wa dunia, kisha wakafunguliwa na kusema, "Mandhari ya juu ni nzuri." Wawili walizimia. Walipata daraja la kwanza, kwa kuwa walifika juu zaidi.

Iliki hawakufundishwa. Mmoja aliuliza inachimbwa wapi. Profesa Kirumbe alimjibu kwa hekima kwamba kiongozi wa dunia haingii kwenye bidhaa, anabaki kwenye maono.

Walihitimu mia nne na kumi na mmoja. Wapwa wa nani na wakwe wa nani, hayo si ya kuandikwa. Wewe unawajua, na mmoja ulimchangia sherehe. Siku ya mahafali ikatangazwa Sheria ya Itifaki: katika jambo lolote la biashara ya nje, hakuna atakayefungua kinywa kabla hajatambulishwa, na utambulisho utaanzia juu kwenda chini.

Sasa fanya hesabu, wewe uliyesoma. Kila kiongozi anayezalishwa anaongeza mtu mmoja kati ya mgeni na gunia.

*

Mtendaji wa kata, Bwana Sangiwa, alipanda Kwamtindi akihema, barua mkononi.

"Hodi, mama mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwenye mashine ya serikali."

Sangiwa akakaa sandukuni, akajipepea kwa barua. "Mgeni wako Torkel haji tena huku."

"Amefiwa?"

"Hajafiwa, amepandishwa hadhi. Atapokelewa mjini na Viongozi wa Dunia, Jumanne, Ukumbi wa Dunia."

"Hao viongozi wanalima wapi?"

"Hawalimi, mama. Wanaongoza."

"Wanaongoza nini?"

Sangiwa alikuna shingo. "Nasikia hilo liko muhula wa pili, na muhula wa pili haukufanyika."

Akina mama waliokuwa wakichambua iliki wakacheka kwa pua. Namkunda hakucheka. "Na mimi, katika hiyo barua yako, ni nani?"

"Wewe ni mdau."

"Mdau ndiyo mtu gani?"

"Mdau..." Sangiwa aligeuza barua nyuma, akaona nyuma ni tupu. "Mdau ni mtu ambaye jambo ni lake, ila haulizwi. Namba yako ni mia nne na kumi na mbili. Na barua inasema upeleke magunia yote."

"Yote sitini?"

"Yote."

Namkunda alilitazama tanuri. Msimu mzima ulikuwa mle ndani: ada za watoto, paa la Mama Naetwe, mmoja wa wale wanane, lililong'olewa na upepo, na miguu ya bibi mmoja wa bondeni anayesubiri kupelekwa hospitali. Iliki isiponunuliwa na Torkel, hakuna mwingine wa kuinunua. Walanguzi wa barabarani huitaka kama zawadi.

Lakini mama huyu alikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu katika Jamhuri ya Makofi ni ugonjwa usio na dawa. Aliukumbuka Mwaka wa Tangawizi, serikali ilipoichukua tangawizi yote ya bondeni kwenda kuionyesha kwenye maonesho. Tangawizi ilirudi ikiwa picha. Picha nzuri, ya rangi, waziri amesimama katikati. Waliitundika ukutani, wakalala njaa wakiitazama. Ulikuwapo mwaka ule wewe pia. Ulisema ni bahati mbaya.

"Sangiwa," akasema, "magunia sitini hayatatosha kwenye lori la itifaki. Andika thelathini na tisa."

"Na mengine?"

"Yana mafua. Yamelala tanurini."

Sangiwa alimtazama, akalitazama tanuri, akaandika thelathini na tisa. Hakuwa mtu mbaya, Sangiwa. Kazi ndiyo ilikuwa mbaya.

*

Jumanne saa mbili asubuhi Namkunda aliingia kwenye ua wa Ukumbi wa Dunia.

Iliki ilikuwa imemwagwa. Viongozi walikuwa wameyafungua magunia yote thelathini na tisa na kuchora nayo chini, kwenye sakafu ya saruji, juani, ramani ya dunia. Bahari ilikuwa turubai la bluu. Nchi ya Torkel ilikuwa na magunia sita, kwa heshima. Bara letu lilipewa manne, lisije likaonekana kubwa likaudhi wageni. Viongozi wawili walisimama katikati ya jangwa wakipigwa picha, na chini ya viatu vyao punje zilivunjika kwa mlio wa mende.

Namkunda alimshika mkono dada wa itifaki, msichana nadhifu mwenye orodha ndefu kama sanda.

"Mwanangu, iliki hiyo inaungua. Nipeni turubai lolote niitie kivuli."

"Shikamoo mama. Umeshatambulishwa?"

"Bado."

"Basi bado hujafika. Ukifika utatuambia." Akamwelekeza kiti cha mwisho, nyuma ya nguzo, karibu na mlango wa chooni.

Utambulisho ukaanza. Mshereheshaji alikuwa Bwana Tumsime, mtu wa sauti inayotoka tumboni. "Naomba sasa asimame tumwone, Mheshimiwa Kiongozi wa Dunia Daraja la Kwanza, Mkurugenzi wa Mikakati ya Maono ya Mwelekeo!" Mheshimiwa akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaipungia dari. Makofi, nusu kilo. "Itifaki imezingatiwa," akasema, kisha akaitaja itifaki yote, mmoja mmoja. "Mimi sina mengi," akasema, na alipofika mwisho wa machache yake robo saa ilikwisha kupita; waliomfuata walipewa dakika tatu tatu. Akaketi, akafungua kifungo. "Naomba sasa asimame tumwone..."

Torkel alikuwa mbele, kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cha dhahabu. Mpaka saa nne alikuwa akipiga makofi. Saa sita alikuwa akihesabu vioo vya madirisha. Saa tisa alimuuliza jirani yake kitu, na jirani, Kiongozi wa Dunia wa namba ishirini na tatu, akamshikia glasi ya maji bila kunywa.

Jioni walikuwa wamefika namba mia moja na sitini na nne. Namkunda, kupitia upenyo kati ya nguzo na ukuta, aliiona Asia imeanza kupauka.

Jumatano walianzia mia moja na sitini na tano na wakaenda kwa kasi ya kutia moyo mpaka mia mbili na tisa. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Waziri, aliyekuwa amechelewa kwa majukumu. Sheria ya Itifaki, kifungu cha nne, inajulikana: akiingia mkubwa, utambulisho unarudi mwanzo.

Hakuna aliyeguna. Wewe ulitazama saa yako, ndiyo, nakubali, lakini uliitazama kwa adabu.

Wakarudi mwanzo, safari hii bila hotuba kwa kuwa Waziri alikuwa na ndege. Mheshimiwa simama, mheshimiwa keti. Mia tatu. Mia tatu na hamsini. Mia tatu na tisini na moja. Na hapo Torkel akainuka. Hakuomba ruhusa. Alitembea mpaka uani, viongozi wakamfuata kama vifaranga, akachuchumaa kando ya ramani, akaokota punje tatu, moja kutoka nchi yake, moja kutoka bara letu, moja kutoka Asia. Akazipasua kwa ukucha, akanusa. Zilikuwa nyeupe kama meno ya mzee. Akazimwaga chini, akajifuta kiganja kwenye suruali.

Alirudi ukumbini, akasimama mbele ya watu wote, akakusanya Kiswahili chake chote cha kiganja kimoja.

"Mama ya iliki," akasema. "Iko wapi?"

Swali hilo halikuwa kwenye ratiba. Profesa Kirumbe akasogeza kipaza sauti. "Mheshimiwa mgeni, suala la mama liko kwenye hatua za mwisho. Yuko kwenye orodha. Wamebaki ishirini tu."

Nyuma ya nguzo Namkunda alifungua fundo la pindo la khanga yake ya rangi ya ndizi mbivu. Humo alikuwa na punje tatu za tanurini, za juu, za kati, za chini, za kijani kibichi. Akazilaza kiganjani na kusimama.

"Mama, keti!" dada wa itifaki akanong'ona. "Namba yako bado!"

"Mgeni amenitafuta, mwanangu."

Alikwisha kufungua kinywa. Maneno yenyewe yalikuwa machache: iliki nzuri iko Kwamtindi, magunia ishirini na moja, njoo uchukue. Angemaliza kabla mtu hajafunga kifungo cha koti.

Ndipo mlipopiga makofi.

Mtu alikuwa amesimama, na katika Jamhuri ya Makofi mtu akisimama anapigiwa. Hamkuwa na ubaya. Hamkuwa na kitu chochote, ndiyo maana mikono ilikwenda yenyewe. Ilianza safu za mbele, robo kilo, kisha Waziri akapiga ili asionekane hapendi wananchi. Viongozi walipoona Waziri anapiga wakaongeza nusu, na wewe wa safu ya kumi na tisa ukaona usibaki nyuma. Ikawa kilo. Ikawa gunia. Namkunda alipaza sauti, mishipa ya shingo ikamtoka, nayo makofi yakapanda juu ya sauti yake. Alipozidi kusema mlizidi kupiga, mkidhani anashukuru. Bendi iliposikia makofi ya gunia ilijua ni kufunga mkutano. Ikapiga wimbo wa taifa, nchi nzima ikakakamaa, na Torkel akaongozwa taratibu kuelekea mlangoni.

Lakini mzungu huyu na mama huyu hawakuwahi kutegemea maneno. Mlangoni Torkel aligeuka. Alikiona kiganja na rangi ya kijani. Akanyoosha mkono wake, akautelezesha mbele kama meli. Akainua vidole vitatu. Kisha akaelekeza kidole chini, chini kabisa, kama afanyavyo mtu anayetaka punje ya mwisho wa gunia.

Namkunda akaitikia kwa kichwa mara moja. Meli, siku tatu, leta zile za chini. Biashara ya kimataifa ilikuwa imefanyika mbele ya viongozi mia nne na kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeiona.

*

Redio ilisema mkutano umefanikiwa kwa asilimia mia moja, na kwamba mgeni ameahidi kuendelea kutafakari. Ilisema pia Taasisi itapokea wanafunzi mia nane mwakani, ili upungufu wa viongozi uliojitokeza usijirudie.

Namkunda aliporudi Kwamtindi alikuta kizuizi kipya kwenye barabara ya mlimani, mti mbichi juu ya mapipa mawili. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Kiongozi wa Dunia wa Usafirishaji, sanduku lake la magurudumu miguuni.

"Mama, iliki haishuki bila barua ya utambulisho."

"Barua inatoka wapi?"

"Kwa Profesa."

"Lini?"

"Akirudi kutoka ng'ambo. Amekwenda kupokea tuzo ya mkutano."

"Hebu nisomee hiyo sheria, mwanangu, mimi macho yangu ya zamani."

Kiongozi akasafisha koo. "'Ni marufuku kusafirisha iliki kwa chombo chochote chenye tairi, injini au kwato.'"

"Na shingo?"

"Nini?"

"Shingo ya mtu. Gunia likiwa kichwani."

Kiongozi alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi wa kwanza. Katika masomo yake yote hakuna aliyemwonyesha mtu aliyebeba kitu kichwani. "Shingo haimo," akakiri.

"Andika kwamba niliuliza," akasema Namkunda, akapita chini ya mti.

Sasa ni Alhamisi asubuhi. Magunia ishirini na moja yamepangwa mlangoni mwa tanuri, mabichi kwa rangi, makavu kwa mguso. Mama Naetwe anasokota kata za majani ya mgomba, za kutuliza magunia vichwani. Kutoka Kwamtindi mpaka bandarini ni mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu, na meli inang'oa nanga Jumamosi alasiri. Vichwa vilivyopo ni tisa: Namkunda na akina mama wake wanane. Bwana Sangiwa amevua beji ya utendaji, ameiacha juu ya sanduku la mashine, amesimama mstarini. Kumi.

Vimepungua kumi na kimoja. Usianze kutazama dirisha.

Najua utasema wewe si mtu wa milimani, wewe umekaa tu kwenye kiti ulichopewa. Ulisema hivyo Mwaka wa Tangawizi. Ulisema hivyo sanduku lilipokuja bila ufunguo. Mikono iliyopiga makofi ya gunia haiwezi kushindwa gunia. Inuka sasa hivi, kabla umande haujakauka. Vua kitambulisho, acha chupa, panda mlima. Ukifika pale kwenye mti hutaulizwa cheo, na ukiulizwa usijibu, pita chini. Mpokee mama yeyote utakayemkuta mbele yako. Atakaposimama kusema, funga mikono yako nyuma umsikie mpaka mwisho.

Kisha inama, shika gunia kwa chini, liinue.